Karafuu Huku, Makonyo Kule: Mimea na Makundi Yake

Msimu wa karafuu ukifika Konde, kisiwani Pemba, kazi ya jioni ni kuchambua. Mapolo yanamwagwa barazani, watu wanakaa kwa kuzunguka rundo, na kila kishada kinapita mkononi: karafuu huku, makonyo kule. Karafuu zitaanikwa juu ya majamvi. Makonyo, vile vikonyo vilivyoshika karafuu, nayo hayatupwi, yana kiwanda chake Wawi, Chake Chake, yanakotolewa mafuta. Mtoto mdogo huijua kazi hii kabla hajajua kuandika jina lake, na hukemewa akichanganya.

Neno hilo la barazani ndilo lililopanda likaingia magazetini na madarasani: uchambuzi. Kuchambua ni kutenga, na mwenye kutenga lazima awe na kigezo. Kwenye rundo la karafuu kigezo ni bei, kwa hiyo hakuna anayekibishia. Lakini ukitaka kuitenga mimea yote ya dunia, kuanzia uchafu wa kijani ulioganda ukutani hadi mvule mkubwa, utatumia kigezo gani? Watu wamelijibu swali hili kwa njia tatu: kwa faida, kwa umbo na kwa ukoo. Vitabu vya shule hufundisha ile ya tatu kana kwamba mbili za mwanzo hazipo, na mwanafunzi hutoka na orodha ya majina asiyoweza kuyahusisha na mti hata mmoja wa kwao. Nadhani kosa liko hapo. Njia zote tatu ni halali, ila kila moja ina swali lake, na tatizo huanza pale jibu la swali moja linapopachikwa kwenye swali jingine.

Kwa faida

Njia ya faida ndiyo kongwe na ndiyo tunayoishi nayo. Sokoni Konde hakuna anayepanga bidhaa kwa elimu ya viumbe: kuna viungo, mboga, matunda, dawa, ukindu wa mikeka. Wataalamu wa kale nao walifanya hivyohivyo. Abu Hanifa al-Dinawari, aliyeandika Kitab al-Nabat katika karne ya 9, alitenga milango kwa mimea ya kutia rangi, ya harufu nzuri, ya miswaki, ya kusokotea kamba na ya kuchongea pinde. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi kwa mmea mmoja tu. Tunda la mnazi lina jina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Huo ni uainishaji wa hali ya juu, ila unahusu matumizi ya tunda moja na hautuambii lolote kuhusu jamaa za mnazi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mmea mmoja huingia kila kundi. Mnazi ni chakula, mafuta, makuti, kamba, kuni na boriti. Uutie wapi?

Kwa umbo

Njia ya pili hutazama umbo. Theophrastus wa Ugiriki, mwanafunzi wa Aristotle, aliigawa mimea kuwa miti, vichaka, vichaka vidogo na majani. Mzee yeyote wa Pemba angemwelewa bila mkalimani, kwani nasi tuna mti, kichaka, mtambaa na nyasi. Sarufi yetu imeweka mpango wake pia. Ngeli ya M-MI inabeba mwembe, mkarafuu, mchungwa na mpunga, na tunda huhamia ngeli nyingine. Ukilisikia neno kwa mara ya kwanza, kiambishi kinakudokeza kama unazungumziwa mti au kinachochumwa mtini.

Umbo, hata hivyo, linadanganya, na Pemba inatoa ushahidi wa kutosha. Mgomba unasimama kama mti, lakini ukiukata huoni mbao. Lile gogo ni mashina ya majani yaliyofumbatana, tabaka juu ya tabaka, na kitaalamu mgomba ni mmea wa majani uliorefuka mno. Mvinje wa ufukweni ni mjanja zaidi. Una majani kama sindano na vitunda vigumu vilivyofanana na koni, hata wageni wengi huuita msonobari. Sivyo. Mvinje hutoa maua, madogo mno, na zile “sindano” ni vijiti vya kijani. Majani yake halisi ni magamba madogo yaliyozunguka kila kifundo, unayaona ukikivuta kijiti kikakatika.

Mfano mzito kuliko yote ni mikoko. Tunasema “mikoko” kana kwamba ni kabila moja, kwa kuwa yote inaota kwenye tope la chumvi. Ukiifuata nasaba unakuta watu baki waliokutana ugenini. Mkomafi ni wa familia ya mwarobaini. Mlilana ni wa familia moja na mhina na mkomamanga. Mchu uko familia nyingine kabisa, na mkoko wenyewe una yake. Kila ukoo ulishuka baharini kwa wakati wake, na maisha ya aina moja yakaupa sura inayokaribiana na ya wenzake. “Mikoko” ni jina la makazi, na kwa mvuvi au msimamizi wa pwani ni jina lenye manufaa makubwa. Kwa anayetafuta nasaba halimsaidii kitu.

Kwa ukoo

Hapo ndipo inapoingia njia ya tatu. Tangu Charles Darwin alipochapisha hoja yake mwaka 1859 kwamba viumbe hushuka kutoka kwa mababu wa pamoja, wataalamu wamekuwa wakitafuta kundi ambalo wote waliomo wana babu mmoja, na ambalo halimwachi nje hata mmoja wa kizazi chake. Ukitoka Konde kwa barabara ya Makangale ukaingia Msitu wa Ngezi, masalia ya msitu wa asili wa zaidi ya hekta 1,400, unaweza kuipitia nasaba hiyo hatua kwa hatua.

Lakini kabla ya kuingia msituni, tuanzie pwani ya Micheweni, kwenye mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na hadi leo wanawake ndio wengi mashambani humo. Aina zinazolimwa, spinosum na cottonii, ni mwani mwekundu, hata pale zinapoonekana za kijani au kahawia. Je, ni mimea? Ni jamaa wa mbali: hutumia jua kutengeneza chakula, na babu yao wa kale ni mmoja na wa mimea ya nchi kavu, lakini hazina mizizi, shina wala majani ya kweli. Mwani wa kahawia unaosukumwa ufukweni na mawimbi hauna hata ujamaa huo. Jamaa wa karibu ni mwani wa kijani, maana mimea yote ya nchi kavu ilitokana na ukoo huo, kama miaka milioni 470 iliyopita.

Na uyoga je? Kwa karne nyingi uliwekwa pamoja na mimea kwa kuwa umesimama mahali pamoja. Leo uyoga na kuvu wana himaya yao. Hawatengenezi chakula kutokana na jua, hula kilichotengenezwa na wengine, na kwa nasaba wako karibu zaidi na wanyama kuliko na mchicha.

Kundi la kwanza la mimea ya nchi kavu ni kuvumwani na wenzake, lile zulia la kijani kwenye mawe, magogo na kuta zenye unyevu. Dunia ina aina kama 20,000 za mimea hii. Haina mishipa ya kupandishia maji, na ndiyo maana mingi haizidi urefu wa kidole: kila sehemu lazima ijinywee yenyewe. Haina ua wala mbegu, huzaliana kwa spora.

Kundi la pili ni makangaga, na pamoja na jamaa zao wanafikia aina kama 12,000. Hawa walipata mishipa, wakaweza kusimama na kurefuka. Pembezoni mwa mikoko huota kangaga kubwa lenye majani magumu. Ligeuze jani lililokomaa utaona upande wa chini umevaa kitu cha rangi ya kutu, kama kitambaa cha mahameli. Usidhani ni ugonjwa. Ni spora, maelfu kwa maelfu. Spora ikianguka penye unyevu huota kijimea kidogo kama kucha, na humo mbegu ya kiume huogelea katika tone la maji kuifuata ya kike. Ndiyo sababu kangaga hupenda majimaji. Hata awe mkubwa kiasi gani, ndoa yake bado inahitaji maji.

Kundi la tatu lilivunja sharti hilo kwa kubuni mbegu: mtoto aliyefungiwa chakula chake na kuvishwa ganda, anayeweza kungoja mvua. Mbegu za mwanzo zilikuwa wazi, bila tunda la kuzifunika, na mimea ya namna hiyo huitwa ya mbegu uchi. Misonobari imo humu, lakini mwakilishi wetu wa pwani ya Afrika Mashariki ni mtapo, wenye shina nene na majani ya kikuti yanayoufanya uonekane kama mnazi mfupi. Mbegu zake hukaa juu ya magamba au pembeni mwa vijani maalumu, na mti wa kiume ni mbali na wa kike. Kundi hili lina aina zaidi kidogo ya 1,000 tu duniani. Lilikuwa kubwa zama za kale, leo ni masalia.

Kundi la nne ni mimea ya maua, ambayo mbegu zake zimefichwa ndani ya tunda. Hii ina aina kama 300,000. Karibu kila unachokila Konde, ukiacha samaki na nyama, kinatoka humu: wali, muhogo, ndizi, embe, kunde, nazi.

Joya na kunde

Kundi kubwa namna hiyo lazima lichambuliwe tena. Mwingereza John Ray, mwishoni mwa karne ya 17, aliligawa kwa kutazama mbegu inavyoota: kuna mimea yenye jani moja la mbegu na mimea yenye mawili. Vitabu husema monokotiledoni na dikotiledoni, na mwanafunzi huyakariri bila kuyaona. Lakini moja ya majani hayo tumelila wengi wetu.

Nazi ikianza kuchipua, maji yake hupungua na ndani hujaa kitu cheupe, laini kama sifongo, chenye utamu wake: joya. Watoto hugombania. Joya ni sehemu ya lile jani moja la mbegu, limegeuka kuwa kinyonyaji kinachoifyonza nyama ya nazi na kulisha chipukizi. Halafu fukia punje ya kunde na ungoje siku chache. Itatoka ardhini na mapande mawili yaliyoachana kama viganja vya dua. Hayo ni majani mawili ya mbegu. Nazi ina moja, kunde ina mawili, na somo limekwisha bila ubao.

Tofauti hiyo huenda na nyingine. Mpunga, muhindi na muwa ina majani yenye mistari iliyolala sambamba na mizizi iliyotawanyika kama ufagio, na wengi wa kundi lao wana sehemu za maua kwa hesabu ya tatu. Mwembe, mpapai na muhogo ina majani yenye mishipa ya wavu. Mnazi haunenepi mwaka hata mwaka kama mwembe, shina lake hubaki na unene uleule likirefuka. Tangawizi, manjano na iliki ni familia moja, na mgomba ni jirani yao wa karibu, jambo linaloonekana ukilinganisha majani yake na ya iliki.

Kwa miaka kama 300 mgawanyo huo wa wawili ulisimama. Kilichouangusha kiko ndani ya kikapu chetu cha viungo. Pilipili manga, mdalasini na kungumanga vina majani mawili ya mbegu, kwa hiyo viliwekwa na kunde na mwembe. Lakini chavua yao haina matundu matatu kama ya mwembe; ya pilipili manga ina tundu moja, kama ya mpunga. Mwaka 1998 kikundi cha wataalamu wa nchi mbalimbali kilitoa mpangilio mpya wa familia za maua uliotegemea sana vinasaba, kisha kikaurekebisha mara tatu, mwisho mwaka 2016, na kuorodhesha familia 416. Humo pilipili manga, mdalasini na kungumanga vimepewa tawi lao, pamoja na mparachichi, mstafeli na mtopetope. Yungiyungi la madimbwini nalo limetengwa, kwani linatoka kwenye tawi lililoachana na wengine mapema sana. Kwa hiyo “dikotiledoni” limebaki neno la umbo: linaeleza mbegu ilivyo, lakini si jina la ukoo mmoja.

Mkarafuu na mpera

Sasa turudi barazani. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka, na mkarafuu ni wa familia ya mpera. Huhitaji maabara kulithibitisha. Chuma jani la mkarafuu na la mpera, yatazame kwenye jua kwa makini: yote yana vidoa vidogo vinavyopenyeza mwanga, kama yametobolewa kwa sindano. Ni vifuko vya mafuta, vinavyonukia ukilifikicha jani. Kisha tazama kijiti: majani hukaa mawili mawili, yakielekeana. Fanya hivyo kwa mzambarau na mtufaha wetu wa Zanzibar, na utakuta undugu ni wa karibu zaidi, wote wawili ni wa jenasi moja na mkarafuu, Syzygium. Mkaratusi ni binamu.

Ila usiishie kwenye vidoa. Jani la mchungwa nalo lina vidoa vya mafuta, na mchungwa si wa familia hii: majani yake hukaa moja moja kwa kupishana. Sifa moja haitoshi kuthibitisha ukoo, kama pua inayofanana isivyotosha kumrithisha mtu shamba.

Kosa hilo la sifa moja lilimpata hata bingwa. Carl Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753 kilichotupa mtindo wa majina mawili ya Kilatini, aliigawa mimea katika ngeli 24, nyingi zikifuata idadi na mkao wa stameni, zile nyuzi za kiume ndani ya ua. Mkarafuu aliuita Caryophyllus aromaticus. Aliuweka ngeli moja, na mpera akauweka ngeli nyingine, kwa hoja ya mahali stameni zilipoota. Ndugu wawili wakatiwa nyumba mbili. Ngeli yake ya mwisho ilikuwa kapu la kila kisicho na ua: makangaga, kuvumwani, mwani na uyoga, vyote pamoja. Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu, mwaka 1789, ndiye aliyepanga familia kwa kupima sifa nyingi kwa pamoja, na familia zake nyingi bado zinatambulika. Mkarafuu wenyewe ulipitia jenasi ya Eugenia, jina utakalolikuta kwenye vitabu vya zamani, kabla ya kutulia kuwa Syzygium aromaticum mwaka 1939.

Mpapindi

Mwenye kudhani majina yametulia sasa, aingie Ngezi autazame mpapindi. Ni mmea wa jamii ya minazi, huota kwa kundi la mashina membamba yenye pete, na duniani kote kwa asili yake haupatikani ila Pemba. Mwaka 1962 Harold Moore aliuelezea kisayansi kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995, Henk Beentje na John Dransfield walipounganisha jenasi kadhaa katika kazi yao ya minazi ya Madagascar, ukawa Dypsis pembana. Mwaka 2022 vinasaba vilionyesha kwamba Dypsis ile pana haikuwa ukoo mmoja, na mpapindi ukarudishiwa jina lake la kwanza.

Usumbufu wote huo una maana. Ujamaa wa mpapindi hauko bara, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Uko Madagascar na Komoro. Hata kile kijimnazi cha mapambo kinachowekwa kwenye vyungu mahotelini, chenye asili ya Madagascar, ni cha jenasi hiyohiyo. Jina la ukoo limetuambia jambo ambalo faida na umbo visingesema: kwamba kisiwa hiki kina historia yake, na kwamba mpapindi ukitoweka hapa hakuna msitu mwingine wa kuuchukulia. Ngezi pia kuna kichaka cha jenasi ya Erica kinachoota kwenye mchanga mweupe karibu na usawa wa bahari, ilhali ndugu zake wengi wa Afrika Mashariki wako milimani, kama Kilimanjaro.

Faida ya mkulima

Kwa mkulima, ukoo ni jambo la mfukoni. Maradhi hufuata nasaba. Kutu ya mpera, iliyoelezwa Brazil mwaka 1884, haikubaki kwenye mpera. Imekuja kushambulia mikaratusi na aina kadhaa za Syzygium. Anayejua kwamba mpera wa uani ni jamaa wa mkarafuu wa shambani, akiona unga wa njano kwenye majani machanga ya mpera hatapuuza.

Kwa mwalimu, hoja yangu ni hii. Mpangilio mkubwa wa mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ulioratibiwa na bustani ya Kew, London, ulichukua miaka 60, kuanzia 1952 hadi 2012, na kufikisha aina 12,104. Hazina hiyo imeandikwa kwa Kiingereza na Kilatini. Kazi ya kuiunganisha na majina ya mkomafi, mlilana, kangaga na mpapindi ni yetu, na inaanza darasani. Mwanafunzi afundishwe kuuliza kwanza: kundi hili limetengwa kwa kigezo gani? Akishajua hilo, hatashangaa kuambiwa kwamba mikoko si ukoo mmoja, wala hatamdharau bibi yake anayetenga majani kwa dawa na mboga.

Mwalimu wa Konde hana haja ya kungojea kitabu chenye picha ya msonobari. Kuvumwani liko ukutani mwa kisima, kangaga liko mikokoni, joya limo ndani ya nazi iliyochipua, mpapindi uko Ngezi. Awatoe watoto nje.